Baba, Neno Lako Limemfika Rehema

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua huko uliko barua haifiki, na wala hii si ya kuficha. Naiandika wazi ili na wanafunzi wako waisome, maana wamejaa kuanzia hapa Korogwe hadi Handeni, na wote uliwaachia neno moja. Nimekaa barazani kwako Masuguru. Wazee wa Misima wanakuja leo kumchukua mjukuu wako Rehema wamrudishe kwa mumewe. Wamepiga simu kwamba wameshatoka.

Alikuja juzi, Baba. Alishuka kwenye bodaboda mtandio umemfunika nusu ya uso, nikadhani anajikinga na vumbi. Alipouvua nikaona jicho limeziba, shavu limevimba. Nikimsemesha upande wa kushoto haitiki. Daktari anasema tusubiri, huenda sikio likafunguka, huenda lisifunguke. Si mara yake ya kwanza kupigwa, ila ndiyo mara ya kwanza kuja. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo. Akanijibu kama mtu aliyeulizwa jina lake: "Si nilikuwa natholi, Mama."

Wasiokujua wajue kwamba ulikuwa mwalimu wa Kiingereza, mtoto wa manamba aliyekuja kukata mkonge, na kwamba ulikuwa na kitabu kinene kisicho na jalada, cha mashairi ya kale ya Waingereza. Humo ndimo ulimookota kitenzi ambacho, kwa maneno yako, hata wenye lugha yao wamekitupa: thole. Kustahimili. Kubeba maumivu bila kupiga kelele. Jumamosi baada ya chai ulitukalisha ukatufundisha kukitamka, ulimi kati ya meno, na herufi ya mwisho inaandikwa tu, haisemwi. Sisi midomo yetu haikukubali neno liishie hewani, tukaliongezea i. Ulitukaripia weee, halafu siku moja ukatusikia jikoni tunabishana: mimi nimetholi, wewe hujatholi, kesho tutatholi wote. Ulicheka hadi ukavua miwani. Kwa Kiingereza chake, ulisema, kitenzi hiki kina adabu: thole, tholed, tholing, basi, si kama wenzake wakorofi wanaobadilika tumbo kila wakipita wakati uliopita.

Ukatuambia London ukilitamka watakukodolea macho, lakini watu wa kaskazini kwao bado wanalo, wakiumwa jino au mvua ikigoma kukatika. Na washairi walilipenda. Kwenye kitabu chako wasafiri walitholi barafu, mtu aliyefukuzwa kwao alitholi ugeni, mama alitholi kufiwa. Shuleni wakakubatiza Mwalimu Tholi. Kuna mwanafunzi wako alilipachika kwenye insha ya mtihani, msahihishaji wa shule nyingine akalikata kwa wino mwekundu, na kijana alipokuja kulia kwako ukamwambia, "Na hilo nalo tholi." Ulikuwa na utani wako, Baba.

Nyumbani ndilo lililotulea. Sukari ikiisha, tunatholi. Ulipomuuguza Mama ulilisema kila ukimbeba kumpeleka juani. Ulilisema ukitueleza habari za mikono ya Babu, baba yako, iliyojaa makovu ya miiba ya mkonge hadi hakuweza kukunja ngumi. Sikatai kwamba lilitushikilia. Tungekuwa wapi bila lile neno sijui.

Lakini ipo siku moja ambayo mimi na wewe hatukuizungumza mpaka unaingia kaburini. Nilikuja kwako kutoka kwa mume wangu Mkumbara, Rehema mgongoni, mdomo umenipasuka. Hukuniuliza kitu. Ulinitengea chai, ukampokea mtoto, ukamwimbia mpaka akalala. Asubuhi ukavaa shati lako la kazini, ukanishika mkono hadi stendi, ukapanda basi pamoja nami. Njiani ukaninunulia machungwa dirishani. Tulipofika, kabla hujabisha hodi kwa mume wangu, ukaniwekea kiganja kichwani ukasema, "Thole, mwanangu." Macho yako yalikuwa na machozi, niliyaona. Basi nikatholi. Nilitholi hadi mume wangu, Mungu amrehemu, alipofariki. Watu wakanisifu kwa uvumilivu, nawe ukanisifu, na mimi nilikuwa nimechoka tu.

Jana mchana nilikitoa kile kitabu sandukuni. Nilitaka kuona kitenzi chako kinafanya kazi gani humo ndani. Nikasoma kwa tabu, Kiingereza changu unakijua. Nikakuta baridi, bahari, njaa, mauti. Vitu ambavyo huwezi kuviambia viache. Barafu haina masikio, Baba. Mume wa Rehema anayo mawili, mazima.

Halafu nikakuta ukurasa wa mtumishi anayetholi fimbo ya bwana wake. Sikuwahi kuusikia. Ndipo nikakumbuka kwamba ukitusomea, ukifika hapo ulikuwa unafunua karatasi mbili kwa pamoja, nasi tukadhani zimegandana. Kwa nini uliuruka? Ulikuwa unamfikiria Babu kule shambani? Au ulikuwa unanifikiria mimi? Ningetoa chochote leo uniambie.

Sasa mkubwa wa nyumba ni Baba Mdogo, mdogo wako. Ameingia asubuhi na jogoo na mchele, akaniambia, "Mama Rehema, wapikie wageni wali. Mambo haya tuyamalize kiutu uzima." Nawe unajua wali huo maana yake nini kwetu. Wageni wa kesi wakishanawa mikono na kula chakula chetu, kesi imekwisha, na binti anafunga mizigo wakati sahani zinaoshwa. Hakuna atakayemwambia rudi. Wali ndio unaosema. Nimemwitikia, nikaenda jikoni, nikakaa kwenye kigoda. Moto sijauwasha. Rehema kanga zake ameshazifunga. "Wapikie tu, Mama," ameniambia, "tusimwaibishe Babu kaburini. Mimi nitatholi."

Naogopa, Baba. Nawaogopa wazee, namwogopa Baba Mdogo, na zaidi naogopa nitazoea, kama nilivyozoea ya kwangu. Gari linakata kona. Naweka kalamu.

Naendelea, jua linazama.

Walikuja watatu, watu wa heshima, wakatuletea doti ya kanga na sukari. Tukaamkiana vizuri. Mzee wao, baba mkubwa wa yule kijana, akaongea kwa upole: vijana damu moto, vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana, kijana amekosa na amekiri, wamekuja kuomba. Baba Mdogo akajibu kwamba sisi nasi ni waungwana. Wakamaliza. Kisha wakakaa kungoja chakula. Mmoja akaangalia upande wa jikoni, hakuna moshi. Nikawaletea maji ya kunywa. Jogoo akawika uani, mzima wa afya.

"Mama Rehema," Baba Mdogo akaniambia taratibu, "chakula."

"Sijapika."

Uso wa Baba Mdogo ukabadilika. "Unatuvua nguo mbele za watu! Kaka angekuwepo leo, huyu mtoto angerudi."

Wote wakanitazama, hata Rehema aliyekuwa amesimama mlangoni. Nikasema, "Ni kweli, angerudi. Mimi si alinirudisha?"

Baba Mdogo akainamisha kichwa. Alikuwepo siku ile ya Mkumbara, ndiye aliyetubebea mkoba hadi stendi. Yule mzee wa Misima akakizungusha kikombe chake cha maji, akauliza, "Sasa kule tukamwambie nini kijana wetu?" Nikamjibu amwambie kwamba Rehema yuko kwao, na kwamba kesho tunakwenda polisi, dawati la jinsia, na sikio lake. Mzee akasimama, wenzake wakasimama. Waliondoka na njaa yao mpaka Misima. Kwenye nyumba yako, Baba, iliyokuwa haimtoi mtu bila kula hata awe amekuja kukutukana. Naona aibu, sitakuficha, na ningeulizwa tena nisingepika tena. Baba Mdogo naye aliondoka bila kuaga.

Nilidhani Rehema atanishukuru. Hakunishukuru. Alikaa hapa barazani bila kunitazama, kanga zake zimefungwa vile vile mapajani. Mwishowe akauliza, "Siku ile ulitaka kurudi?"

"Sikutaka."

"Babu alikuuliza?"

Nikamwambia hapana, hakuniuliza. Kisha akageuka, akanielekezea sikio lake zima, akasema, "Na wewe hujaniuliza, Mama. Hao wote waliokuja leo hakuna aliyeniuliza. Niulize."

Nikamuuliza.

"Sitaki," akasema. Halafu akalisema tena kwa nguvu, jirani akachungulia dirishani: "Sitaki!"

Nimekukasirikia, Baba, na nimekukumbuka mno leo, na kimoja hakikifukuzi kingine. Pumzika kwa amani. Sisi tunakwenda kula.

Mwanao,
Mama Rehema