Maombi ya Mama Kengele

Shemeji yangu,

Huku tupo. Mvua imepungua, na ule mlango wa jikoni ambao kaka yako aliahidi kuurekebisha bado unakwaruza sakafu. Sijaita seremala mwingine. Kila unapokwaruza nageuka, nikidhani ni yeye.

Unamkumbuka Mama Kengele, yule bibi anayeongoza maombi ya wagonjwa kanisani? Siku hizi anasahau sana. Siku tuliyomzika kaka yako alinishika mkono pale kaburini, lakini kila Jumapili bado anamwombea apone. Watu wanakohoa, mchungaji anainamisha kichwa, na hakuna mwenye moyo wa kumwambia. Mara ya kwanza nilitoka nje nikalia. Nikaacha kabisa kwenda.

Jumapili hii nilirudi, nadhani ni kwa sababu ukimya wa nyumba ulinizidi. Mama Kengele akaanza tena: "Bwana, yule seremala wetu umwinue, umrudishe kwa mkewe akiwa mzima." Watu wakaniangalia kwa pembeni.

Nikawaza, mbona hilo ndilo tunalosema tunaliamini, kwamba wafu watainuliwa? Sisi wenye akili timamu ndio tuliokuwa tumeacha kuliomba. Nikaitika amina, shemeji.

Ibada ilipoisha akanifuata. "Mumeo anaendeleaje?"

"Tunamngoja, mama," nikamwambia.

Ni mimi,
mke wa kaka yako