Maneno Mawili kwenye Fomu ya Norbert

Baraka, tarehe 9 Machi 2003

Mpendwa shemeji Georgette, mama Immaculée,

Nakusalimu kutoka huku ng'ambo ya ziwa. Ile homa imepungua? Immaculée bado anaandika kwa mkono wa kushoto, au walimu wa kambini wameshamshinda? Sisi tunapumua. Mama ana magoti yake, mimi nina chaki yangu, na wiki hii hatukukimbia, kwa hiyo sina la kulalamika.

Barua yako aliniletea Marthe muuza ndagala, nayo ilinuka dagaa wa mzigo wake. Nimeisoma mara tatu. Unasema kwenye fomu ya zamani ya wakimbizi karani aliandika kwamba Norbert ni "missing", na kwenye hii mpya karani mwingine ameandika "lost", akakutaka utie sahihi kabla ya Pasaka, la sivyo faili lako litalala. Umekataa mpaka nikueleze tofauti. Umefanya vema. Mtu hatii sahihi chini ya neno asilolijua, hasa likiwa linamhusu mume wake.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Nilipanda hadi Fizi kwa mchungaji Jérémie, mwenye kamusi, nikashinda kutwa nzima barazani kwake. Chai hakunipa, ila kamusi alinipa.

Yote mawili ni ya kitu kisichoonekana. Chukua mbuzi. Jioni umehesabu, mmoja hayupo: huyo ni missing. Nafasi yake zizini ipo, na mlango unauacha wazi. Ukisema lost, mlango umeshaufunga; habari si ya mbuzi tena, ni yako wewe uliyempoteza. Tena Waingereza wakisema mwanamke "lost" mumewe, wanamaanisha amefiwa, ila wanaona haya kulitamka.

Kwa kufuata kamusi, basi, karani wa kwanza alipatia. Ndugu yangu alipanda mlimani Lubondja kuchukua miche ya mihogo, Agosti 1998, risasi zikaanza, hakurudi. Maiti hakuna aliyeiona. Hata Irakiza, mfugaji wa milima ya Bibokoboko aliyekuwa akituletea maziwa kabla ya vita, nimemuuliza kila aliposhuka. Hana habari. Barua ningeifunga hapa.

Lakini kuna jambo la nyumbani. Unakumbuka desturi ya ukoo wetu, kwamba mtoto hapewi jina la ndugu aliye hai. Dada yetu Rosette alipojifungua mvulana mwaka 1999, aliomba amwite Norbert. Mama alimkatalia mbele ya wageni: "Ile jina iko na mwenyewe." Akaja wa pili, mama akajibu vilevile. Nilimwona mkaidi, na moyoni nilimshukuru.

Juma lililopita Rosette alijifungua tena, mvulana. Safari hii hakuomba; alikuwa ameshachagua Wilfried. Mama alimpokea mtoto, akamtazama sana, akasema: "Mumuite Norbert. Jina haiwezi kubakia bila muntu."

Mimi nilitoka nje nikatengeneza ua ambao haukuwa umeharibika. Barua yako sikuwa nimemsomea. Shemeji, niliumia, na ninaumia hadi sasa ninapoandika.

Kwa hiyo usiniulize tena neno lipi ni sahihi. Kamusi imesema lake, mama naye amesema lake. Wewe ndiye mke wake. Ukitaka mlango ubaki wazi, mwambie karani arudishe neno la kwanza. Hapa hakuna atakayekucheka. Ukitia sahihi, hakuna atakayekulaumu. Mama anasema kilio hatutakikalia kabla hujatuambia.

Marthe anavuka kesho. Msalimie Immaculée, na Nadège jirani yako aliyekuazima kalamu. Mama anakusalimu, Rosette anakusalimu. Mungu aliyewavusha salama awatunze hukohuko.

Norbert naye anakusalimu. Ana siku nane, na analia kama mwenye nyumba.

Shemeji yako anayekupenda na asiyekusahau,
Anatole Mutambo