Majongoo Kumi na Wawili

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, na pole kwa kazi ya kupakia mizigo. Mgongo umepata nafuu? Shemeji naye hajambo? Sisi wazima, ila mimi Samaki wako situlii. Tangu nianze barua hii nimeinuka mara nne, mara dirishani, mara mlangoni, hadi Mama ameuliza kama nimekalia siafu.

Tangu wakufukuze shambani kwa samaki, anayelisha ni fundi nyavu. Anatoa chakula kwa mkono mzito kweli, punje kwa punje, na eti maji chini ya vizimba yanaanza kutakata. Juzi mpiga mbizi mpya aliibuka akasema kaona jongoo bahari mmoja, kaa wawili na kiti cha pweza kidogo chekundu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikwenda chooni nikalia.

Meneja bado anawaambia wageni kwamba ulimwaga chakula ovyo, kikaozea chini, na kila chenye uhai pale kikafa au kikahama. Mama akiyasikia hayo hali chakula.

Lakini wewe ulilisha kwa kufuata daftari langu, Kaka. Ulinifundisha mwenyewe: kila Alhamisi nizame, nihesabu wadudu wa chini wanaokula mabaki, wakipungua, upunguze chakula.

Basi nalisema, maana litanipasua. Sikuwa nikizama. Tangu siku ile mpira wa hewa ulipokatika nikiwa chini, siwezi kutia hata uso majini. Niliona haya kukwambia, kwa jinsi ulivyonipigania nipate ile kazi. Wiki tisa nilijificha nyuma ya stoo, nikajimwagia ndoo ya maji kichwani, nikaandika: majongoo kumi na wawili. Wiki nyingine kumi na mmoja, isije ikashtukiwa. Wenyewe walishakufa, nami nawazalisha kwa kalamu! Na kila nikitokea nimelowa, wewe ulinitupia taulo lako, ukanisifu.

Leo asubuhi nimempelekea meneja daftari na kumwambia yote. Alilipekua lote, kisha akaniomba anwani yako. Atakuandikia. Nimekimbiza hii ili uyasikie kwangu kwanza.

Msalimie sana Shemeji. Ukinikasirikia, una haki. Taulo lako nimelifua, lipo.

Mdogo wako,
ambaye usimwite Samaki tena mpaka azame.