Mjomba Anadhani Masikio Yake Yameaga

Mshauri mpendwa, nivumilie mwandiko, shule niliiacha mapema na kuongea mbele za watu siwezi, ninachoweza ni kupiga banjo, na banjo hiyo ndiyo imeniponza. Naishi na mjomba, kaka wa marehemu mama, ndiye kanilea, kazi yetu ni kushona makochi, na jioni tunayasukuma pembeni tunapiga muziki palepale, mjomba anaimba, mimi banjo, jirani yetu fundi baiskeli ngoma. Mjomba macho yana ukungu, ukimpa ishara kwa kichwa haoni, kwa hiyo desturi yetu ni moja, akimaliza mstari ananyamaza, akisikia banjo imehama shiko anaingia. Shiko ni pale vidole vinapobana nyuzi kadhaa zilie pamoja, na nyimbo zetu zinakwenda na mashiko matatu tu, la kwanza, la nne na la tano, toka enzi na enzi.

Sasa nikiwa peke yangu nikagundua kumbe kati ya la kwanza na la nne pana la pili na la tatu, nayo ni ya ukoo uleule, sauti zake zote zimo ndani ya wimbo, ukiyagusa kidogo ukapita ni kama mtu anapanda ngazi badala ya kuruka, mshauri, mwili ulinisisimka, nikaona hapa na mimi nimepata la kusema.

Basi kwenye sherehe ya jirani mwingine nikataka kuwashtukiza. Mjomba kamaliza mstari, kanyamaza, mimi nikapanda la pili, yeye kusikia limehama akaingia, ngoma bado, mimi bado niko njiani kwenda la nne. Mstari uliofuata vilevile. Watu wakacheka, mmoja akapaza sauti, "Mzee, unakimbilia wapi, chakula bado hakijaiva!" Mjomba naye akacheka, lakini niliutazama mkono wake, ulikuwa unapapasa kiti.

Wakati wa kurudi akaniambia, "Mpwa wangu, macho yalitangulia, naona na masikio yameaga." Nikanyamaza. Fundi baiskeli akasema, "Uzee hauna adabu, kaka." Nikanyamaza. Jumamosi binti wa mjomba anaolewa, naye mjomba kamwambia hataimba, dada wa watu analia jikoni, mimi nashona tu. Nikisema ukweli watanirudisha kwenye mashiko matatu maisha yangu yote, nisiposema ndiyo hivyo unavyoona. Nifanyeje?

Ni mimi, Mpiga Banjo Asiyesema

*

Mpiga banjo,

Nimekuhurumia, nikakasirika, nikakuhurumia tena. Haya ya kuongea mbele za watu naijua. Lakini huko kunyamaza kwako sasa si haya, bwana mdogo. Mzee anatembea kwa kusikia, wewe umehamisha mlango bila kumwambia, kajigonga, halafu unamwacha aamini kuwa yeye ndiye aliyepotea! Masikio yake ni mazima kuliko yako. Umegusa shiko dogo la kupita, kalidaka palepale. Kiziwi angelidaka?

Wala usijitetee kwamba ulikuwa na la kusema. La kusema gani linalomkata kauli mwenye wimbo? Ulikuwa unasikiliza vidole vyako tu. Shiko la kupita kazi yake ni kumsindikiza mtu hadi anakokwenda.

Hata hivyo sikuambii utupe kitu kizuri. Leo hii, mkiwa mnashona, sema: "Mjomba, si masikio yako, ni mimi." Fundi baiskeli awepo, maana naye alikusikia ukinyamaza. Maneno yakikuishia, chukua banjo, panda ngazi yako polepole, mzee afuatishe tu wimbo mdomo umefumbwa. Nimemuuliza mpigaji mmoja, kaniambia banjo nyingi zina uzi mfupi pembeni. Kama yako inao, usiuguse ukiwa njiani, uuguse ukifika la nne. Mlio huo ndio uwe mlango wake mpya. Na ngazi yako itie mahali pamoja tu kwenye wimbo mmoja. Mgeni anayepita kila dakika huchosha.

Akiikataa ngazi, Jumamosi piga matatu, na usinune. Harusi ni ya binti yake.

Ila nadhani humjui mjomba wako. Mtu aliyesikia kitu asichowahi kukisikia, akakifuata bila kusita, labda alitaka kupanda nawe. Hakujua tu ngazi inaishia wapi. Kamwambie.