Kimya Kilichokatwa

Jumatatu, 6 Mei

Hatimaye! Mwalimu wa fasihi ametangaza kwamba wiki hii hatuandiki insha. Kila kundi litarekodi podikasti kuhusu tamthilia tunayosoma, na Ijumaa zitasikilizwa darasani. Kundi letu: mimi, Redio (hazimiki) na Mkasi, anayejua kukata na kuunga sauti kwenye simu. Nimepewa kuandika maelezo na kusoma sehemu ya mama wa kwenye tamthilia. Mimi! Ambaye nikiulizwa swali wenzangu husema, "Subirini, mtambo unapata moto."

Jumanne, 7 Mei

Nimepata hoja yetu. Onyesho la tatu, hakimu anamuuliza mama mbele ya wanawe wawili: ni nani kati yao aliyechoma ghala? Hapo mwandishi ameweka neno moja tu: *Kimya*. Kisha mama anasema, "Nichukueni mimi." Watu wote hulikimbilia jibu hilo. Mimi naona kimya ndicho kizito zaidi. Mama anawangoja wanawe. Mmoja afungue mdomo tu! Hakuna anayefungua.

Nimemweleza Redio, ndiye hakimu wetu. Akasema sawa, ila tuanze na muziki.

Jumatano, 8 Mei

Kurekodi nyumbani ni adhabu. Mama ni fundi cherehani, na cherehani yake haina adabu. Nikamwomba apumzike kidogo. "Kwani mteja atavaa podikasti?"

Basi nikajifungia kabatini na simu yake, katikati ya magauni ya watu. Nguo humeza mwangwi, Mwalimu alitufundisha. Joto! Nikalisoma swali la hakimu moyoni, nikanyamaza. Nikamtazama mwana mmoja, halafu mwingine. "Nichukueni mimi" ikatoka ndogo, kama si sauti yangu. Nimemtumia Mkasi. Moyo mweupe pee.

Ijumaa, 10 Mei

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Zamu yetu ya kusikilizwa ikafika. Muziki. Redio anachekacheka. Muziki tena. Hakimu: "Ni nani?" — "Nichukueni mimi!" Papo hapo! Kama mtu anayeitikia jina asubuhi! Halafu nasikika nikieleza, kwa bidii zote, uzito wa kimya ambacho hakipo. Darasa likaangua kicheko. Mmoja akauliza kama kimya kimekwenda msalani.

Kumbe Mkasi ana kitufe kinachofuta kila mahali pasipo na sauti. Hukibonyeza bila kuwaza. "Dada, pale palikuwa patupu. Watu wangedhani simu zao zimekufa." Redio naye: podikasti ni maneno, nani asikilize hewa? Nikawaambia hewa hiyo ndiyo hoja! Wakatazamana.

Na rekodi ya kwanza? Mkasi ameifuta. Yangu? Niliifuta pia, simu ya mama imejaa picha za mishono. Nilijua ipo kwa Mkasi. Akili nyingi huondoa maarifa.

Mwalimu hakucheka. Alituita mbele. "Maelezo yenu yanazungumzia kitu ambacho sikukisikia. Kimekwenda wapi?" Nilijua jibu. Mkasi alikuwa kando yangu. Nikangoja aseme. Akawa anakagua viatu vyake.

"Haya. Nileteeni Jumatatu," Mwalimu akasema. "Nisipokisikia, tunarudi kwenye insha, darasa zima."

Tulipotoka nje, Redio akanipiga bega: "Mtambo, usituangushe." Mimi tena!

Jumapili, 12 Mei

Kabatini. Mara ya kwanza, cherehani. Mara ya pili, jirani anagombana na geti lake. Mara ya tatu nikafika kwenye kimya na kikakubali. Kikaanza kuwa kizito. Nilikuwa nawaona wale wana wawili, kila mmoja anamwachia mwenzake — mara mlango wa kabati ukagongwa.

"Mwanangu! Mbona kimya? Umezimia humo?"

Nilitaka kulia. Nikamalizia tu, basi liwalo na liwe: "Nichukueni mimi."

"Nikuchukue nikupeleke wapi?" mama akasema. Lakini polepole.

Nimeisikiliza. Kimya kipo, kirefu. Halafu hodi, na sauti ya mama yangu ikiwa na hofu ambayo sikuisikia nilipokuwa ndani. Cherehani haisikiki kabisa; ilikuwa imesimama zamani. Alikuwa mlangoni muda wote ule, anangoja niseme neno.

Imeharibika, au ndiyo hasa niliyoitaka? Sijui. Redio atasema nimechanganyikiwa.

Ujumbe wa Mkasi umeingia: "Umemaliza? Tuma nisafishe."

Nimeusoma. Sijamjibu.