Kundi la Rihem

Nabeul, Agosti

Mama mdogo Mabrouka,

Huku hatujambo. Chembe za ngano za kuskusi ya mwaka zimeshakauka darini.

Kundi langu la simu la kuuzia kuskusi limebaki tupu. Nililitunza vizuri, halina matusi, lakini wauzaji wamehamia kundi la shoga yangu Rihem kwa kuwa wanunuzi wako huko, na wanunuzi kwa kuwa wauzaji wako huko. Jana mama naye alihama.

“Mwanangu, kwako nimuuzie nani, paka?”

Basi nami nikaomba kuingia. Rihem akajibu papo hapo: “Karibu, shoga! Ulibaki wewe tu.”

Kwa wivu nikapitia majina ya waliomo. Humo nikakuta jina lako, Mama mdogo. Mimi nilipokualika kwangu, uliniambia simu yako imejaa.

Bado mwanao,
Yosr