Nyuma ya Kaberia

Jumatatu, 3 Machi
Nimefika shuleni saa moja kasoro. Baridi kali. Kaberia amepita njia ya juu tena kukwepa pikapu za miraa ziendazo kasi, kwa hiyo nimeingia Kidato cha Tatu na tope magotini. Wamecheka. Miaka sita sasa huyu mtu wa boda ananitoa mjini Maua asubuhi, ananileta huku juu ya Laare, na jioni ananirudisha. Nimechoka kubebwa.

Nataka pikipiki yangu. Si ya magunia. Ile ndogo ya spoti, tangi limevimba, usukani uko chini, unainama kidogo na upepo unakupita juu. Nimeitaka tangu nikiwa msichana kwetu Kiambere, siku nilipomwona mwanamke mmoja akipita nayo barabara ya bwawa, kitambaa kichwani. Sikujua ni nani. Nilisimama hapo na mtungi wangu mpaka sauti ikaisha.

Leseni nilipata Januari. Shule ya udereva ilinifundisha kuzunguka koni uwanjani. Ujuzi wangu unaishia hapo.

Alhamisi, 6 Machi
Orodha ya pikipiki imebaki na tatu, zote duka moja la Meru mjini. Nyeusi ya cc 250, hiyo ndiyo ninayoiota. Nyekundu ya 150. Na ya buluu, sura ya spoti lakini injini ni ileile ya boda iliyovalishwa plastiki. Hiyo nimeifuta.

Leo ubaoni nimeandika 250 mahali pa uzito wa kaboni, badala ya 12. Wanafunzi wamenakili bila swali. Aibu.

Nimemwambia Kaberia njiani kwamba nanunua pikipiki, kwa kelele kwa sababu ya upepo. Amepunguza mwendo. Kisha: "Sawa, Mwalimu. Jumamosi twende tuione. Wasikuuzie takataka."

Nimefurahi. Halafu, sijui kwa nini, furaha ikapungua.

Jumamosi, 8 Machi
Meru. Mwenye duka ni mzee mmoja, wote wanamwita Hajji. Hakuangalia mkoba wangu, aliangalia miguu. Juu ya ile nyeusi vidole tu vimegusa chini. Ameilaza polepole juu ya magunia. "Iinue, mwanangu. Ukianza kuendesha utaiangusha, usijidanganye. Na huko milimani hutapata wa kukuinulia kila mara."

Haikutikisika. Nyekundu nimeiinua mara ya tatu, nikiipa mgongo na kuisukuma kwa matako kama alivyonionyesha. Basi, ni nyekundu. Nimetaka kulia kwa ajili ya nyeusi. Mtu mzima, miaka thelathini na saba.

Kaberia amesema aijaribu kwanza kwa niaba yangu. Ya kwake gia zote hukanyagwa mbele. Hii, gia ya kwanza ni chini, zingine unainua kwa kidole cha mguu. Hakuuliza. Amezunguka uwanja wote kwa gia ya kwanza, injini inapiga mayowe, mafundi wakatoka nje kuona. Akarudi, akazima. "Hii imekataa gia." Wamecheka mpaka wakashika mbavu. Mimi pia. Yeye ameangalia viatu vyake. Nimejuta kucheka.

Hajji ataniwekea wiki mbili, karatasi zitoke na mimi niweze kuiendesha hadi nyumbani.

Jumapili, 9 Machi
Mama amepiga simu kutoka Kiambere. Amesikia. Anasema mwanamke wa kanisa halali kifudifudi juu ya pikipiki. Atafunga na kuomba. Nimemwambia aombe pia mvua ichelewe. Amekata simu.

Jumatano, 12 Machi
Kaberia ananifundisha jioni kwenye uwanja wa shule, kwa pikipiki yake. Hana haraka. Anatembea kando yangu. Klachi niiachie polepole, anasema, kama mtu anayefunga mlango na mtoto amelala.

Tukipumzika amesema, bila kunitazama, "Ukishachukua yako, asubuhi nitabeba miraa tu." Nimemjibu kwamba miraa haina maneno mengi kama mimi. Amecheka kidogo. Jibu la kijinga kabisa.

Nimegundua kitu. Huyu mtu namjua kwa nyuma. Najua kovu lililo juu ya kola yake. Najua anavyokohoa kabla ya kona ya msikiti. Mkewe alirudi kwao Chuka zamani, hilo nimelisikia kwa wengine. Uso wake leo nimeutazama kama wa mgeni. Mzuri. Basi, nimeliandika.

Jumamosi, 15 Machi
Niseme waziwazi, hapa hakuna msomaji. Naitaka pikipiki. Namtaka Kaberia. Ikija moja, sababu ya kukaa nyuma ya mwingine inaisha. Nimwambie nini? Usinibebe lakini usiniache?

Mwalimu wa kemia na mtu wa boda. Maua nzima itapata la kusema. Maua siiogopi. Naogopa anijibu "Sawa, Mwalimu," kwa heshima zake zote, arudi stejini kwa waendesha boda wenzake.

Jumanne, 18 Machi
Nimemwomba aende polepole. Kisingizio, kichwa kinauma. Ameenda polepole sana. Nimechelewa gwaride la wanafunzi.

Jumamosi, 22 Machi
Nimeileta! Meru hadi Maua, Kaberia mbele akinifungulia njia, mimi nyuma yake na helmeti mpya. Mara moja miguu imesahau, nikakanyaga badala ya kuinua, pikipiki ikashtuka kama imepigwa, gurudumu la nyuma likateleza kidogo. Nimepiga kelele ndani ya helmeti. Kisha zile kona za majani chai, moja baada ya nyingine, na mimi ndiye ninayeinama. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilitaka Kiambere yote inione.

Langoni kwangu nimemkaribisha chai. Amesema kuna wateja. Ameinua mkono, ameenda.

Jumatatu, 24 Machi
Peke yangu hadi shuleni. Walimu wametoka ofisini kuishangaa. Nimejibu maswali yote ya pikipiki vizuri.

Laare nimepishana na Kaberia. Nyuma yake msichana mmoja, muuguzi mpya wa zahanati, anamwambia kitu sikioni kwa kelele. Amenipigia honi. Nimeinua mkono nikayumba, karibu niingie mtaroni.

Wivu. Ndilo jina lake.

Alhamisi, 27 Machi
Mvua. Nimeiangusha kwenye matope ya lango la shule. Nimeiinua mwenyewe, jaribio la kwanza tu. Nilitazama nyuma nimwone aliyeshuhudia. Mbuzi.

Nimepita stejini jioni, sikusimama. Mwoga.

Jumamosi, 29 Machi
Asubuhi kumekauka. Nimeenda stejini na kumwambia Kaberia cheni inapiga kelele. Amechuchumaa, ameizungusha, ameigusa hapa na pale. "Mwalimu, hii cheni haina neno."

"Najua. Nimekuja kukubeba."

Mmoja wa wenzake amepiga mluzi. Kaberia amejifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Amewaachia funguo za pikipiki yake. Amepanda.

Kile kiti cha nyuma ni kidogo sana, na mwanamume wa boda hajui kubebwa. Hakujua aweke wapi miguu. Mikono akashika chuma cha nyuma. Tumetoka kuelekea Kangeta. Baada ya matuta ya pili nimesikia mkono mmoja begani. Baadaye kidogo, wa pili. Barabara ilikuwa tupu na nzuri. Nimebaki gia ya tatu, sina haraka ya kufika.